Simba Mwenda Pole: Kwa Nini Namsikiliza Nara Leão

Wiki jana niliweka video ya dakika mbili nikieleza vile unaweza kupanga bajeti ya mwezi ukiwa na elfu kumi pekee. Hesabu zilikuwa sawa, mwangaza ulikuwa fiti, hata nywele zilikubali siku hiyo. Komenti ya kwanza: "Sista, amka." Ya pili: "Sauti ni kama unaomba maji ya kunywa." Ya tatu ilikuwa ya binamu yangu, damu yangu kabisa: "Weka nguvu kidogo bana, watu wanalala."

Hii stori si mpya kwangu. Shuleni mwalimu alikuwa ananirudisha nisome aya moja mara tatu, eti walioketi nyuma hawasikii. Kwa mat nikisema "shukisha" konda hashtuki, napitishwa steji, halafu narudi na miguu nikijiongelesha. Na cha kushangaza, nyumbani ni kinyume. Shangazi zangu wanasifu: "Huyu msichana ana adabu, hata haongei kwa sauti." Kwa hivyo sauti hiihii moja, nje ni udhaifu na nyumbani ni heshima. Hakuna mtu amewahi kuniuliza ninachosema na hiyo sauti.

Usiku wa zile komenti nililala na hedifoni masikioni, nikaiacha simu ijichagulie nyimbo. Katikati ya ngoma zangu za kawaida ikaingia gitaa moja tu, na mwanamke akaanza kuimba Kireno. Sijui Kireno. Lakini nilifungua macho. Ilikuwa kama mtu ameketi pembeni mwa kitanda ananiambia jambo ambalo halirudii mara mbili. Hakuvuta noti, hakulia, hakupanda juu mwishoni kama wale wa mashindano ya kuimba kwa TV. Alisema alichotaka kusema, akanyamaza.

Nikacheki jina: Nara Leão. Nikaendelea kucheki, nikagundua kwamba kwa Kireno "leão" ni simba. Hapo nilicheka peke yangu gizani. Sisi tuliokua na methali tunajua yule simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nikaona huyu lazima nimjue vizuri. Na nilivyomjua, niliacha kuona sauti yangu kama ugonjwa. Hiyo ndiyo maoni yangu leo, na nitakuambia nimefikaje hapo.

Kwanza, kama unadhani hujui bossa nova, unaijua. Ni ule muziki wa mikahawa ambayo kahawa moja inamaliza pesa yako ya fare ya wiki. Gitaa taratibu, mtu anaimba kama anaogopa kuamsha mtoto. Billie Eilish aliweka wimbo unaoitwa "Billie Bossa Nova" kwenye albamu yake ya 2021. Laufey wa Iceland aliteka vijana wengi mwaka 2023 na "From the Start", na mdundo wake ni huohuo. Kwa hivyo hii kitu haijafa. Imebadilisha nguo tu.

Ilianzia Rio de Janeiro, Brazil, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo, waimbaji wengi wakubwa wa redio kule walikuwa watu wa sauti nzito, za kujaza ukumbi mzima. Halafu mwaka 1959 akatoa albamu jamaa anaitwa João Gilberto, akiimba karibu na maiki, bila kutetemesha sauti, kama anaongea. Na gitaa lake lilikuwa limefanya ujanja: lilichukua ngoma zote za samba, ile bendi nzima ya barabarani, likaziweka ndani ya vidole. Kidole gumba kinashika ngoma kubwa, vile vingine vinachapa ngoma ndogo. Kelele ya karnivali ikaingia sebuleni.

Sebule yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kina Nara. Alizaliwa Vitória mwaka 1942, akakulia Rio, kwenye nyumba ya ghorofa ya wazazi wake huko Copacabana, barabara inayotazama bahari. Akiwa tineja, vijana kama Roberto Menescal, Carlos Lyra na Ronaldo Bôscoli walikuwa wanakusanyika kwao na magitaa hadi usiku. Kuna watu husema bossa nova ilizaliwa pale sebuleni. Hiyo imetiwa chumvi, muziki hauzaliwi nyumba moja. Lakini pale ilinyonyeshwa.

Sasa, magazeti yalimfanyia nini? Yalimpa cheo cha malkia wa kuwapa wanaume msukumo wa kutunga. Halafu yakaandika kuhusu magoti yake. Ndiyo, magoti. Msichana anajua gitaa, ana sikio kali la kuchagua nyimbo, na kile nchi inajadili ni magoti yake vile yanaonekana akiketi na gitaa. Wenzake wa kiume wa sebuleni walianza kurekodi mapema. Yeye, mwenye sebule, albamu yake ya kwanza ilitoka 1964.

Hapa ndipo nataka uketi vizuri.

Watu walitarajia albamu ya bahari, maua na mapenzi ya ufukweni, maana huyo ndiye msichana wa Copacabana. Nara akafanya tofauti. Pamoja na kazi za wenzake wa sebuleni, aliweka nyimbo za watunzi wa samba, akina Zé Keti, Nelson Cavaquinho na Cartola. Cartola alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Mangueira, kikundi maarufu cha samba kutoka mtaa wa mlimani. Pamoja na ukubwa huo wote, miaka ya 50 alikuwa ameonekana akiosha magari Ipanema, mtaa uleule ambao dunia nzima inauimba kama paradiso ya bossa nova. Yaani nyimbo zake zingefaa kuwa zinachezwa ndani ya yale magari alikuwa anaosha.

Halafu Nara akatangaza hadharani kwamba amemalizana na bossa nova. Marafiki wengine walikasirika. Kwao ilikuwa kama mtu amekula kwao miaka yote, halafu anasema chakula hakina chumvi.

Mwaka huohuo, mwanzo wa Aprili 1964, jeshi lilipindua serikali ya Brazil. Wanajeshi walikaa madarakani hadi 1985, miaka 21. Na Desemba 1964, miezi nane tu baada ya mapinduzi, Nara alipanda jukwaani Rio kwenye onyesho lililoitwa Opinião, yaani Maoni, likiongozwa na Augusto Boal. Walikuwa watatu: Nara, binti wa familia yenye uwezo, Zé Keti, mtu wa samba, na João do Vale, mtoto wa familia maskini kutoka Maranhão, kaskazini mashariki. Onyesho lilichukua jina lake kutoka kwa wimbo wa Zé Keti kuhusu mtu wa mtaa wa mlimani ambaye, hata wamfanye nini, hahami. Wakati huo serikali ya Rio ilikuwa inabomoa mitaa ya maskini na kuwapeleka watu mbali na mji. Mtu wa Mathare au Mukuru hahitaji kamusi ya Kireno kuelewa wimbo huo.

Tafuta huo wimbo umsikilize Nara akiuimba. Hapigi kelele. Hakunji ngumi kwa sauti. Anaimba kama mtu ambaye ameshaamua, na sasa anakujulisha tu. Mtu akikufokea "siendi popote!" unajua ana hasira, na hasira huisha. Mtu akikuambia taratibu "siendi", unajua utahitaji tingatinga.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa "weka nguvu kidogo" hawaielewi. Sauti kubwa hukufuata ulipo, hata kama hutaki. Sauti ndogo inakufanya wewe uje. Unapunguza feni, unafunga dirisha, unasogeza kichwa. Ukishasogea, umekuwa sehemu ya mazungumzo. Na Nara, kwa sababu haongezi mapambo, huna mahali pa kukimbilia. Hakuna noti ya juu ya kukufanya upige makofi na usahau maneno. Unabaki na maneno na pumzi yake.

Najua kuna mtu anasema: wewe, hii ni romansi tu. Muziki laini ni wa kulala, wa kusoma, wa kuweka nyuma ya video za mapambo ya keja. Nakubaliana na wewe nusu. Bossa nova imetumiwa kama mto wa kichwa dunia nzima. Inapigwa kwa lifti, kwa mapokezi ya hoteli, mahali popote ambapo mtu anataka usifikirie. Nara mwenyewe aliona hiyo hatari mapema kabisa, ndiyo maana aliondoka. Shida yake haikuwa kwamba nyimbo ni laini. Nyimbo zilikuwa hazitoki nje ya nyumba. Kwa hivyo alitoka na ulaini wake, akaupeleka mahali pagumu.

Mwingine atasema: si alikuwa mtoto wa wadosi anaimba shida za wengine? Hilo ni swali la haki, na liliulizwa hata wakati huo. Jibu langu ni kwamba hakuchukua nyimbo akakimbia nazo. Zé Keti na João do Vale walikuwa jukwaani pamoja naye, kwa majina yao, wakisimulia maisha yao kwa midomo yao. Hiyo haifuti tofauti ya pesa. Lakini ni tofauti sana na yule anayekuja mtaani kwenu na kamera, anarekodi, anapotea.

Na sasa kuna jambo ambalo karibu livunje hoja yangu, na lazima niliseme. Mapema 1965 Nara aliugua sauti, akashindwa kuendelea na onyesho. Alipendekeza msichana kutoka Bahia ambaye alikuwa amemsikia huko: Maria Bethânia, umri miaka 18. Bethânia si mpole. Ana sauti nene, ya radi. Aliimba "Carcará", wimbo wa João do Vale kuhusu ndege mwindaji wa nchi kavu ya njaa, na ukumbi ukapasuka. Huo wimbo Nara alikuwa anauimba pale pale kabla yake. Lakini leo ukitaja "Carcará", Wabrazil wengi wanasikia Bethânia.

Kwa hivyo ndiyo, kuna nyimbo zinazohitaji radi. Singependa mtu atoke hapa akidhani nimesema wapole ni bora kuliko wenye sauti. Rafiki yangu mmoja akicheka Githurai, Kasarani wanageuka, na simwombi apunguze. Kinachonigusa ni kwamba Nara alijua. Hakujaribu kuiga radi ambayo hakuwa nayo, na hakumfungia mlango aliyekuwa nayo. Alimpa maiki, yeye akarudi kwa sauti yake.

Na hiyo sauti yake haikuacha kumletea ngori. Mwaka 1966 alihojiwa na gazeti, akalisema jeshi vibaya, waziwazi, jeshi lilelile lililokuwa linatawala. Kulikuwa na watu serikalini waliotaka achukuliwe hatua. Mshairi mkubwa wa Brazil, Carlos Drummond de Andrade, aliandika shairi akimwomba rais, Marshal Castelo Branco, asimfunge. Hebu fikiria. Marshal ana vifaru, ana magereza, ana kila kitu. Na nchi inabishana kama huyu mwanamke anayeimba kwa kunong'ona ni hatari kwa taifa.

Hapo ndipo niliposimamisha kusoma nikakumbuka shangazi zangu. "Hata haongei kwa sauti." Wao wakisema mpole wanamaanisha hatasumbua mtu. Wale wa komenti wakisema sauti ndogo wanamaanisha hana la kusema. Pande zote mbili zimefanya kosa moja: zimepima sauti zikadhani zimepima mtu. Nara alikuwa mpole wa sauti na alikuwa msumbufu kwelikweli, na hivyo vitu viwili havikuwahi kugombana ndani yake.

Baadaye mwaka huohuo wa 1966 alifanya kitu kingine cha upole. Kwenye tamasha kubwa la nyimbo la TV aliimba "A Banda", wimbo wa kijana Chico Buarque kuhusu bendi inayopita mtaani na watu wanasahau shida zao kidogo. Ukashika nafasi ya kwanza, ukigawana na wimbo mwingine. Mwaka 1968 akajiunga na albamu ya kina Caetano Veloso na Gilberto Gil, vijana walioanza kuchanganya gitaa za umeme na muziki wa nyumbani huku wengine wakiwazomea. Kila mara watu wakimwekea kibandiko, alikuwa ameshahama.

Desemba 1968 utawala ulikaza kamba. Bunge lilifungwa, udhibiti ukaongezeka, Caetano na Gil wakakamatwa, na baadaye wakaishia uhamishoni London. Nara naye alienda kuishi Paris. Na ni huko, mbali na bahari ya kwao, akiwa mama mpya, ndiko alifanya albamu ambayo ilinifungua macho ule usiku. Inaitwa Dez Anos Depois, yaani Miaka Kumi Baadaye, ya mwaka 1971. Sahani mbili nzima za nini? Bossa nova. Zile nyimbo za sebuleni ambazo alikuwa amezikataa kwa kelele zote za magazeti.

Nilipojua hivyo, nilirudi kuisikiliza kwa sikio lingine. Sehemu kubwa ni yeye na gitaa la Tuca, mwanamke mwenzake Mbrazil aliyekuwa Paris wakati huo. Kwa miaka yake ya utineja nyimbo hizo zilikuwa za vijana wenye kila kitu, wanaangalia bahari. Mwaka 1971 zinaimbwa na mtu ambaye hiyo bahari haiko tena dirishani kwake. Maneno ni yaleyale, gitaa ni taratibu vilevile. Lakini sasa ukimya katikati ya mistari una uzito. Sikiliza "Insensatez" au "Corcovado" ya hiyo albamu usiku, taa zikiwa zimezimwa, halafu uniambie kama huo ni muziki wa lifti.

Alirudi Brazil, akasomea saikolojia chuoni, akaendelea kurekodi. Mwishoni mwa miaka ya 70 aligunduliwa uvimbe kwenye ubongo. Aliishi nao miaka kumi hivi, akiimba karibu hadi mwisho. Alifariki Juni 1989, akiwa na miaka 47 tu.

Mimi si Nara. Mimi nafanya video za bajeti, na jasiri zaidi niliyowahi kufanya mbele ya kamera ni kusema hadharani kwamba chama chetu cha familia kilikuwa kinaliwa na mweka hazina. Nilisema kwa sauti hiihii. Hakuna aliyeniambia siku hiyo nizungumze kwa nguvu. Kila mtu alisikia, hata waliokuwa jikoni.

Kwa hivyo kama wewe ni wale wa sauti ndogo, wale tunaopitishwa steji, sina ushauri mrefu. Jifunze kusema "shukisha" mapema, hiyo ni usalama. Lakini usinunue ile stori kwamba lazima ugeuke kipaza sauti ndiyo uwe mtu. Uliza kwanza kama unachosema ni kweli na kama uko tayari kukisimamia kesho mtu akija kukuuliza. Ukiwa nacho, kiseme vile unavyosema.

Na kama unataka kuanza na Nara, anza na "Diz que fui por aí" kwenye albamu ya kwanza ya 1964, halafu "Opinião", halafu uingie Paris. Bando yako itatosha, ni nyimbo fupi.

Video ya pili ya bajeti inatoka Alhamisi. Nimebadilisha mwangaza na nimeongeza mfano wa kodi ya nyumba kama mlivyoomba. Sauti sijabadilisha. Binamu, ukiona iko chini, sogea karibu na simu.